Mbwa mpole aliyekataa kutulia: kisa kutoka maabara ya Pavlov

Watu wakisikia jina la Ivan Pavlov hukumbuka kengele na mate. Mbwa anasikia mlio, anajua chakula kinakuja, udenda unamtoka. Wachache wanamjua mbwa mwingine wa Pavlov, aliyewatatiza wataalamu kwa wiki kadhaa bila kumng'ata mtu. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakukubali kutulia pale alipowekwa. Kwa mtu anayefuga mbwa nyumbani, mimi namwona huyu wa pili kuwa na maana zaidi, maana kengele hatugongi, ila mbwa anayegoma yupo karibu kila mtaa, na kila mwenye mbwa ana namna yake ya kumjibu.

Pavlov alifanya kazi St. Petersburg, mji ambao kati ya 1914 na 1924 uliitwa Petrograd. Tuzo ya Nobel alikuwa ameshaipata mwaka 1904 kwa utafiti wa usagaji wa chakula. Tayari kabla ya tuzo hiyo alikuwa ameanza kugeukia mate. Mbwa wake walifanyiwa upasuaji mdogo ili mfereji wa tezi ya mate utokeze nje ya shavu, mate yakakingwa na kupimwa tone kwa tone. Kipimo cha aina hiyo hakivumilii mnyama anayehangaika. Kwa hiyo kila mbwa alipandishwa kwenye jukwaa la mbao lenye nguzo, miguu ikapitishwa kwenye vitanzi vilivyolegea, akasimama hapo mpaka kazi iishe.

Huyu wetu, kwa maelezo ya Pavlov mwenyewe, hakuwa na ukali wowote na alikuwa rafiki wa waliomfanyia majaribio. Walianza naye kwa jambo rahisi kuliko yote. Alipandishwa jukwaani, vitanzi havikumbana, aliweza hata kusogea hatua moja au mbili. Hakuna kilichomuuma. Kila baada ya dakika chache aliletewa chakula. Mwanzoni alisimama vizuri na akala bila tabu. Kadiri muda ulivyokwenda akaanza kuchachawa: anakwangua sakafu, anatafuna nguzo, anapambana atoke. Akawa anatweta, na mate yanamtiririka mfululizo, chakula kiwepo kisiwepo. Hali hiyo ilijirudia kila jaribio kwa wiki kadhaa, na kila mara ikawa mbaya kuliko iliyopita, hadi akaonekana hafai tena kwa utafiti.

Pavlov alikiri kwamba walibaki wameduwaa. Walikuwa wamefanya kazi na mbwa wengi kwa miaka mingi, wakajaribu maelezo mengi, hakuna lililokaa sawa. Mwisho wakafikia hili: mbwa huyu hawezi tu kuvumilia kuzuiwa. Mwaka 1917, Pavlov na msaidizi wake Gubergrits waliiita hali hiyo refleksi ya uhuru, yaani msukumo wa kuzaliwa nao unaomfanya mnyama apinge chochote kinachombana mwendo wake. Hoja yao ilikuwa kwamba mnyama asiye na upinzani huo angeshindwa kuishi, kwani kizuizi kidogo tu njiani kingemkatiza asifikie chakula wala mwenza. Dawa waliyoipata ilikuwa kumpa chakula chake chote cha siku jukwaani, na si pengine popote. Mwanzoni alikula kidogo mno, akakonda sana. Taratibu akaanza kula zaidi, mpaka akawa anamaliza chakula chote, na papo hapo akawa anatulia wakati wa majaribio.

Kisa kinaishia hapo katika maelezo yao, kama ushindi. Mimi nina maswali nacho.

La kwanza ni ile siku ya mwanzo. Mbwa alisimama na akala. Mwenye mbwa wa leo angesema: "Si unaona? Anaweza. Jana aliingia mwenyewe, leo anajifanya." Hili ndilo shtaka linalotolewa haraka kuliko yote, na mara nyingi ndilo la uongo kuliko yote. Mbwa anayekubali kitu mara ya kwanza hajui amekubali nini. Anajua pana chakula na watu anaowapenda. Hajui kwamba vitanzi havitafunguliwa atakapotaka kuondoka, wala kwamba dakika zitakuwa nyingi. Hayo anayajua akiwa ameshasimama. Kukataa kwake siku ya tatu kumetokana na taarifa ambazo siku ya kwanza hakuwa nazo, na kumwita mjeuri ni kumlaumu kwa kuwa na kumbukumbu.

La pili ni dalili. Pavlov ametuandikia zile kubwa: kukwangua, kutafuna, kutweta, udenda. Mbwa haanzii hapo. Mkufunzi wa Norway, Turid Rugaas, alitumia miaka mingi kuangalia ishara ndogo ambazo mbwa hutoa kabla ya vurugu: anageuza uso pembeni, anajilamba pua wakati hakuna chakula, anapiga miayo ilhali hana usingizi, anainua mguu mmoja wa mbele, anaanza ghafla kunusa ardhi kama vile pana jambo la maana sana pale chini. Daktari wa wanyama wa Uingereza, Kendal Shepherd, alizipanga ishara za namna hii kama ngazi. Chini kabisa kuna kupepesa macho na kujilamba pua, kisha kugeuza kichwa, kugeuza mwili, kuondoka, kujikunyata na kufyata mkia, kulala chali, kukakamaa huku akikodoa macho, kunguruma, kutishia kung'ata, na juu kabisa kung'ata kwenyewe. Mbwa anayepuuzwa kwenye ngazi za chini hupanda. Akipuuzwa mara nyingi, huacha kabisa kupoteza muda na ngazi za chini, na ndipo unasikia mtu akisema mbwa wake ameng'ata "bila sababu".

Ngazi hiyo ina sehemu moja ambayo mbwa wa jukwaani alinyimwa: kuondoka. Alikuwa na hatua mbili tu za kusogea. Ukimwondolea mbwa njia ya kuondoka, umebakiza zile za juu tu. Kwamba huyu hakufika kwenye meno hata baada ya wiki kadhaa inaonyesha upole usio wa kawaida, na naamini upole huo ndio uliomchelewesha. Angemng'ata mtu siku ya nne, mazungumzo yangekuwa mengine.

Na udenda nao usipitwe haraka. Katika maabara ya Pavlov mate ndiyo yaliyokuwa lugha ya kusoma, na mara nyingi lugha hiyo ilimaanisha chakula. Hapa yakatoka mate ya fadhaa. Chombo cha kupimia hakikuweza kutofautisha tone la njaa na tone la hofu. Ni jambo lilelile linalotokea nyumbani pale mtu anaposoma mkia peke yake. Mkia unatikisika, basi amefurahi. Wakati huohuo masikio yamelala nyuma, weupe wa jicho unaonekana pembeni, mdomo umefungwa kwa nguvu, na uzito wote wa mwili umeegemea miguu ya nyuma. Mkia unaotikisika juu ya mwili wa namna hiyo ni wa mbwa anayebembeleza aachwe.

La tatu ni jibu la watu. Niwe wa haki: hawakumwita mkaidi. Walijiuliza, wakapima maelezo moja baada ya jingine. Lakini walipokuwa wakijiuliza waliendelea kumpandisha. Kila kipindi jukwaani kilikuwa zoezi jingine la fadhaa, na mbwa hujifunza fadhaa kwa mazoezi kama anavyojifunza kukaa. Kama kuna jambo moja ningelibadilisha katika kisa kizima ni hili. Mbwa akishaonyesha kwamba hali inazidi kuwa mbaya, jambo la kwanza ni kusitisha lile linalomsumbua, kisha ndiyo utafute sababu. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunaendelea kumlazimisha "asije akazoea kushinda", huku tukisubiri maelezo yajitokeze.

Jina lenyewe, refleksi ya uhuru, halielezi mengi. Ukisema mbwa anapinga kufungwa kwa sababu ana msukumo wa kupinga kufungwa, umezunguka palepale. Lakini lilifanya kazi moja kubwa: liliondoa macho kwa mbwa na kuyapeleka kwenye jukwaa. Swali "huyu ana kasoro gani?" likawa "hiki tunachomtaka akifanye kina nini?" (Pavlov alikwenda mbali zaidi, akaongeza refleksi ya utumwa, ile ya mbwa mdogo kujilaza chali mbele ya mkubwa, na akasema imejitokeza mara nyingi katika ardhi ya Urusi. Ulikuwa mwaka 1917, mfalme ameshaanguka, na mtu mwenye ulimi kama wake asingeiacha nafasi hiyo.)

Sasa hiyo dawa. Chakula chote jukwaani. Watu wengi wakisikia hivi wanatikisa kichwa kwa kukubali: ndiyo, tumia chakula. Ila soma tena, "akakonda sana". Mbwa aliwekewa chaguo la aina mbili, kula akiwa amefungwa au kukaa na njaa, na kwa siku za mwanzo alichagua njaa. Hapo ndipo unapoona ukubwa wa kukataa kwake. Chakula hakikumfanya apende jukwaa. Njaa ilizidi chuki, basi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1924, mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika kisa cha mtoto wa karibu miaka 3 aliyemwita Peter, aliyeogopa sungura. Naye alitumia chakula. Peter alikaa kwenye kiti chake akila anachokipenda, na sungura akiwa ndani ya kizimba aliwekwa mbali, umbali ambao mtoto aliendelea kula. Siku kwa siku akasogezwa, hadi Peter akaweza kumgusa. Chakula ni kilekile. Kilichotofautiana ni umbali. Kwa Peter kitu cha kuogofya kilipunguzwa hadi kikawa kidogo kuliko raha ya kula. Kwa mbwa wa Petrograd kitu cha kuogofya kilibaki vilevile, ila raha ya kula ilikuzwa kwa kumnyima chakula kila mahali pengine. Mtu anayefunza mbwa inampasa ajue ni ipi kati ya hizo mbili anayoifanya.

Halafu kuna ule utulivu wa mwisho. Tunaufurahia utulivu kupita kiasi. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Martin Seligman na Steven Maier waliwafunga mbwa wasiweze kutoka, wakawapiga shoti za umeme. Baadhi waliweza kuzizima kwa kubonyeza kibao kwa kichwa. Wengine hawakuwa na la kufanya, shoti ziliisha zilipoisha. Baadaye wote waliwekwa kwenye kisanduku ambamo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa. Wale wa kibao waliruka. Wengi wa wale wengine walilala chini wakavumilia. Ungepita pale bila kujua historia yao ungesema hao wa mwisho ndio mbwa watulivu. Mwaka 2016 watafiti haohao walisahihisha maelezo yao wenyewe: kukata tamaa hakujifunzwi, ndilo jibu la mwili linalokuja lenyewe taabu ikirefuka, kinachojifunzwa ni kwamba nina uwezo wa kubadilisha kitu, na ujuzi huo ndio unaomkinga mnyama.

Sisemi kwamba mbwa wa Pavlov alikata tamaa. Alikuwa anakula, na mbwa aliyevunjika moyo kwa kawaida huacha kula. Ninachosema ni kwamba kukoma kwa fujo peke yake hakutuambii amekubali.

Nimekaa na kisa hiki muda mrefu kwa sababu jukwaa lile lipo kwetu, tena linajengwa kwa mbao na bati. Mbwa wa ulinzi katika nyumba nyingi za mijini hufunguliwa usiku na kurudishwa bandani alfajiri kabla watoto hawajatoka kwenda shule. Na dawa ni ileile ya Petrograd: sufuria ya ugali na dagaa inaingizwa ndani, mbwa anaifuata, komeo linagongwa nyuma yake. Inafanya kazi kwa muda. Kisha asubuhi moja mbwa anasimama mlangoni, ananyoosha shingo hadi kwenye sufuria, miguu ya nyuma ikiwa nje. Anachukua tonge na kurudi nyuma. Mlinzi anamsukuma matakoni ili afunge. Kesho yake mbwa hakaribii hata mlango. Kesho kutwa ukiibeba tu ile sufuria anazunguka nyuma ya tangi la maji, na mama mwenye nyumba anasema mbwa amekuwa na kiburi.

Mbwa huyo amejifunza vizuri sana. Sufuria sasa ni ishara ya komeo, kwa kanuni ileile aliyoigundua Pavlov kwa mate. Chakula kilichokusudiwa kulipendezesha banda kimechafuliwa na banda. Ndiyo hatari ya kutumia chakula kama chambo: kikitangulia mbele ya jambo baya kila siku, chenyewe kinageuka kuwa tangazo la jambo baya.

Kabla ya kufunza lolote, liangalie banda, kisha mwangalie mbwa. Banda la bati lisilo na kivuli saa nane mchana Dar es Salaam au Mombasa ni sababu tosha ya kukataa, na hakuna mafunzo yatakayoiondoa. Mbwa mtu mzima aliyekuwa akiingia vizuri na ghafla amegoma achunguzwe maumivu: nyonga na viungo, hasa kwa jamii ya German Shepherd, kucha iliyochanika, sikio. Kupe nao huleta magonjwa yanayomlegeza mbwa na kumpa homa hadi hataki kuinuka, na mwenye mbwa akadhani ni uvivu. Hayo ni ya daktari wa mifugo.

Yakishaondolewa hayo, kazi inayobaki ni kumrudishia mbwa ile ngazi iliyokatwa, ya kuondoka. Tonge linarushwa ndani, mbwa anaingia, anakula, anatoka, mlango haukuguswa. Tena. Mlinzi anasimama mbali na komeo, mikono ikionekana. Mbwa akishaanza kuingia na kubaki ndani akisubiri tonge jingine, mlango unasogezwa kidogo na kurudishwa. Baadaye unafungwa kwa muda wa kutafuna tonge moja, unafunguliwa kabla hajageuka kuutazama. Akisita, unarudi hatua moja nyuma bila kusema neno. Mkufunzi Chirag Patel wa Uingereza ana mchezo wa namna hiyohiyo kwa mbwa wanaoogopa kushikwa na daktari: mbwa anatazama ndoo yenye chakula, na maadamu anaitazama, mtu anaendelea kumgusa; akigeuza macho, mkono unaondoka papo hapo. Mbwa anaamua lini ianze na lini iishe. Watu wanadhani ukimpa mbwa ruhusa ya kukataa atakataa siku zote. Kwa kawaida hukataa sana mwanzoni, anajaribu kama mlango kweli uko wazi, na akishaamini, kukataa kunapungua.

Shida ya njia hii ni kwamba mtu anayefunga banda alfajiri si yule aliyesoma makala. Ni mlinzi aliyekesha, anataka kwenda kulala, na ameambiwa na bosi wake mbwa awe ndani saa kumi na mbili kamili. Ukimfunza mbwa bila kumfunza mlinzi, na bila kumpunguzia haraka yake, asubuhi moja ya kumsukuma mbwa itafuta kazi ya wiki. Katika siku za mafunzo afadhali mbwa afungiwe uani kwa geti la muda, au watoto wapitie mlango mwingine, kuliko kumlazimisha bandani mara moja moja "kwa leo tu".

Yapo mambo ambayo mbwa hana kura. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni mojawapo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauna kupona, na hatuwezi kusubiri mbwa aridhie. Siku hiyo anashikwa. Ashikwe na mtu anayemjua, kifunga mdomo kiwe kile alichokizoea wiki zilizotangulia kwa kulia chakula ndani yake, sindano iwe haraka, na tonge limfuate baada ya sindano badala ya kuitangulia. Na afanyiwe uani au barazani, popote pale isipokuwa bandani, la sivyo kesho alfajiri mlinzi ataanza upya.